Angalia Kofiani

Huku kwetu Bacup, kaskazini mwa Uingereza, ukitaka kujua kama kesho itanyesha, hutazami mawingu. Unamuuliza Glenda Ormerod. Atakuambia itanyesha, na kweli itanyesha, maana huku kwetu hunyesha karibu kila siku, lakini Glenda atajipongeza kana kwamba ameileta yeye. Amepika miaka thelathini na nne katika jiko la shule ya msingi, na hadi leo wanaume wazima wenye ndevu wakikutana naye sokoni hujikuta wanaficha kucha. Aliwahi kumkatiza kasisi katikati ya ibada ya maziko kumwambia kwamba wimbo si namba mia mbili na kumi, ni mia mbili na kumi na moja. Ilikuwa mia mbili na kumi na moja.

Kwa ndoa yeye ni Bi Pilling, mke wa Gordon Pilling, mtu mpole aliyeoa akijua anachokioa. Lakini hakuna amwitaye Bi Pilling. Glenda amebaki Ormerod, wa Clifford na Nellie, na hilo nalo analipenda.

Duniani ni mtu mmoja tu aliyemwambia Glenda kwamba amekosea, akaendelea kumwambia kwa zaidi ya miaka hamsini: kaka yake, Neville. Wala hawakuwa wakigombea nyumba. Waligombea kichekesho kimoja cha kwenye televisheni. Tena si kichekesho chote, mwisho wake tu.

Mwaka sitini na nne baba yao, Clifford, alikodi televisheni ya shilingi. Nyuma yake ilikuwa na kisanduku chenye tundu. Unatumbukiza shilingi, unapata muda wako, na muda ukiisha picha inajikunja, inabaki nukta nyeupe katikati ya kioo, kisha giza. Haikujali kama mko kwenye habari, mpira au sala. Nyumba nyingi za mtaa wao zilikuwa na televisheni ya namna hiyo, na watoto walijua kuruka na shilingi mkononi kabla nukta haijafa.

Clifford alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sapatu, hizi za manyoya za kuvalia ndani wakati wa baridi. Alikuwa mtu wa maneno haba mno. Alirudi jioni, akatundika kofia yake ya sufu kwenye msumari nyuma ya mlango, akanawa, akala, akakaa. Neville alimwogopa. Glenda hakumwogopa, kwani Glenda hakuwahi kumwogopa mtu.

Jumamosi saa moja jioni, hata hivyo, nyumba ile ilikuwa ya Albie Duxbury. Albie alikuwa mtu mfupi ndani ya koti la mtu mrefu. Alisimama peke yake mbele ya pazia, hana gitaa wala mwenzake, akaanza kulalamika: mvua, mjomba wake, mke wa mjomba wake, bosi wa mjomba wake. Na kila alipofika pale ambapo kichekesho kinataka kupasuka, alinyamaza. Akavua kofia. Akatazama ndani yake, kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya. Watu walikuwa wameshaanza kushika mbavu kabla hajafungua kinywa. Kisha akairudisha kichwani na kulitoa neno.

Nellie, mama yao, alifuma sweta huku akimtazama Albie, na sweta zake zote za Jumamosi zilikuwa na mashimo. Walikula pai ya nyama na viazi, sahani juu ya magoti, jambo ambalo siku nyingine lingekuletea kofi. Neville ndiye alikuwa antena. Waya ule haukushika picha mpaka mtu aushikilie karibu na dirisha, na mrefu alikuwa yeye.

"Neville, juu kidogo."

"Mama, mkono umekufa."

"Utafufuka. Juu kidogo."

Kwa hiyo miaka miwili Neville alimsikiliza Albie akiwa ameipa televisheni mgongo. Clifford alicheka bila sauti. Mabega tu ndiyo yaliyotikisika. Glenda alipenda sana mabega yale. Mara nyingine aliacha kumtazama Albie, akamtazama baba, akisubiri yaanze.

Ndipo "angalia kofiani" likawa neno la nyumba yao. Ukimuuliza Nellie chakula cha jioni ni nini na hajui, alijibu, "Ngoja niangalie kofiani." Neville aliporudi na ripoti mbaya ya shule na kuulizwa sababu, Glenda alimpelekea kofia ya baba: "Angalia humu, labda iko." Miaka mingi baadaye Gordon alipomwomba waoane, Glenda alimpokonya kofia kichwani, akaichungulia, akairudisha na kusema, "Imeandikwa ndiyo. Lakini mwandiko ni mbaya." Na jikoni shuleni, siku gari la viazi lilipokwama na watoto mia mbili wakawa wanangoja, alivua kofia yake nyeupe, akatazama ndani, akasema, "Wali." Wakapika wali.

Sasa turudi kwenye ule ugomvi.

Mkesha wa Krismasi ya mwaka sitini na sita, Clifford alimpa Neville noti ya shilingi kumi akaivunje dukani, zipatikane shilingi za televisheni. Kesho yake Albie alikuwa na kipindi maalumu cha saa nzima, na mtaa mzima ulikuwa ukikisubiri. Neville alikuwa na miaka kumi na mitatu. Njiani akapita dirisha la duka la vinyago, ndani yake treni ya umeme inazunguka mlima wa karatasi. Akasimama. Treni ikazunguka, na yeye akazunguka nayo kwa macho. Alipokumbuka alichotumwa, maduka yalikuwa yamefungwa, na siku ya Krismasi hakuna anayefungua. Akarudi na noti ileile, mkunjo uleule.

Clifford aliitazama noti. "Basi," akasema, akaichomeka chini ya saa iliyokuwa juu ya meko.

Mzazi mwingine angefoka, mambo yakaisha. "Basi" ya Clifford ilikaa ndani ya nyumba usiku kucha na asubuhi ikawa bado ipo, imekaa mezani pamoja na bata mzinga. Nellie alimvuta Glenda pembeni, akamshika sikio, ingawa si kwa nguvu.

"Sikia wewe mdomo. Mbele ya Neville hakuna kutaja shilingi. Umenisikia? Si leo, si kesho, si kamwe."

"Hata nikiwa mkubwa?"

"Hata ukiwa bibi."

Shilingi moja ilipatikana ndani ya bitana ya koti la Nellie. Kwenda kuomba nyingine kwa majirani siku hiyo kulikuwa sawa na kuomba mwavuli mvua ikinyesha. Wote walijua moja haitoshi. Neville alijua kuliko wote, na kabla ya saa moja alichukua koti lake, akaenda kwa shangazi yao Hilda, mtaa wa pili, ambaye televisheni yake ilikuwa ya kununua, haina tundu. Waya wa antena ukafungwa kwenye fimbo ya pazia.

"Mwache," Nellie alimwambia Clifford, ingawa Clifford hakuwa amesogea.

Taa ilizimwa picha ionekane vizuri, ukabaki mwanga wa makaa. Albie alikuwa moto siku ile. Kisha akaanza kile cha mjomba. Mjomba wake amestaafu: miaka arobaini kiwandani, hajachelewa hata siku moja. Bosi kamwita ofisini, kampa zawadi. Saa. Mjomba kaitazama ile saa, kasema: "Bosi, miaka arobaini unaniamsha kabla ya jogoo. Leo ndiyo siku ya kwanza naruhusiwa kulala, unanipa saa?" Bosi kauliza: "Haya, wewe ulikuwa unataka nini?"

Albie akanyamaza. Akavua kofia. Akatazama ndani.

Picha ikajikunja, ikawa nukta, nukta ikafa.

"Ng'ombe wa maskini hazai," Nellie alisema gizani.

Glenda, miaka tisa, akaangua kilio. "Amesemaje? Mjomba amesemaje?"

Clifford akainuka. Glenda alidhani anakwenda kulala. Alikwenda hadi nyuma ya mlango, akachukua kofia yake msumarini, akaivaa, akarudi kusimama mbele ya televisheni iliyokufa, mgongo kwenye kioo. Akavua kofia. Akatazama ndani. Alitazama muda mrefu, mpaka Nellie akajiziba mdomo.

"Hiki nimeshakisikia," akasema Clifford. "Walikiweka redioni kule kazini." Akavaa kofia. "Mjomba akamjibu bosi: 'Nataka sapatu ya kushoto. Miaka arobaini nashona za kulia tu. Na mimi nataka nimjue mwenzake.'"

Nellie alicheka mpaka sindano za kufumia zikamdondoka. "Cliff, wewe!" alisema akifuta machozi kwa aproni. "Cliff, mtu wewe!" Glenda alimfanya baba arudie mara tatu, na ya tatu Clifford aliinama kama wanavyoinama waigizaji jukwaani. Walilala wakicheka. Hiyo ndiyo Krismasi ambayo Glenda angeichagua kama mtu angemwambia achague moja.

Kesho yake Neville alirudi kutoka kwa shangazi, na mezani, kwenye nyama baridi na viazi, akajitia kusimulia kichekesho cha mjomba. Kulingana na yeye, mjomba alimjibu bosi: "Nataka ule ufito wa mgonga madirisha. Na unionyeshe dirisha la chumba unacholala wewe." Mgonga madirisha wote tulimjua, ni yule mtu aliyepita alfajiri na ufito mrefu akigonga vioo kuwaamsha watu wa kiwandani.

"Siyo hivyo!" Glenda akaruka. "Ni sapatu! Sapatu ya kushoto!"

"Sapatu gani? Kilikuwa kiwanda cha nguo."

"Cha sapatu!"

"Umeota wewe. Nimekiona kwa macho yangu."

"Na mimi nime..." Glenda akamwona mama anavyomtazama, akakumbuka sikio lake. Kama angesema kilichotokea, ingebidi ataje shilingi. "Ni sapatu tu. Baba, mwambie!"

Neville naye akamgeukia. "Baba, si ufito?"

Clifford alitafuna taratibu, akameza. "Kuleni viazi," akasema.

Basi, vita vikaanza hapo na havikuisha. Wakawa watu wazima, Neville akawa dereva wa basi, akaoa, akahamia Rawtenstall, ambako si mbali lakini watu wa Bacup hupaita ng'ambo. Kila Krismasi mmoja alisema ufito na mwingine akasema sapatu, na watoto wao wakagawanyika kama mashabiki wa mpira. Glenda alikwishasahau kabisa kwamba yeye hakumwona Albie akikimaliza. Kwake baba alikisikia redioni, na alichokisema baba ndicho alichokisema Albie. Tena alikuwa na hoja: Albie alikuwa mtu wa bonde letu, bonde la viwanda vya sapatu, angeacha vipi kuzitaja? Neville alimjibu kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na kwamba Albie alizaliwa Blackburn, nje ya bonde. Kanda yenyewe haikuwapo ya kuamua. Walioitengeneza walikuwa wameifuta, warekodie kitu kingine juu yake.

Clifford alifariki mwaka tisini na moja. Glenda ndiye aliyesimama kanisani kumzungumzia, kwa sababu Neville aliombwa akasema hana la kusema. Glenda akasema baba yao hakuwa mtu wa maneno, lakini alimpenda Albie Duxbury, na akakisimulia kichekesho cha mjomba hadi kwenye sapatu. Kanisa zima likacheka. Kisha kutoka benchi la nyuma, kwa sauti ambayo mtu hudhani ni ya kunong'ona, ikasikika: "Siyo hivyo."

Hawakusemeshana miezi minane.

Kofia ya Clifford ilibaki kwa Glenda, kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Neville alipokuja alikuwa akiigusa ukingo akipita, akidhani hakuna anayemwona. Hakuwahi kuiomba. Katika vitu vyote vya baba yao hakuchukua hata kimoja, na Glenda alisema ni kiburi.

Msimu wa kupukutika majani uliopita, tangazo likabandikwa kwenye klabu ya wafanyakazi: nakala ya kanda ya kipindi maalumu cha Albie Duxbury cha Krismasi ya mwaka sitini na sita imepatikana kwenye dari ya nyumba ya fundi mmoja wa sauti, na itaonyeshwa klabuni Jumapili saa nane mchana, chai na pai zipo. Neville aliipata habari hiyo hadi huko ng'ambo. Alifika jikoni kwa Glenda kabla hata birika halijachemka.

"Dada, siku yako imefika."

"Yako, kaka. Mimi nitakuwa nimekaa tu nakutazama ukiiva kwa aibu."

"Unajiamini?"

"Mimi nilizaliwa nikijiamini. Muulize Gordon."

"Ni kweli," Gordon alisema kutoka nyuma ya gazeti.

"Basi weka kitu," Neville akasema. Kisha akaonyesha kwa kidevu nyuma ya mlango. "Weka ile."

Gordon alishusha gazeti. Glenda aliitazama kofia ya baba yake, iliyokuwa hapo miaka ishirini na saba, ambayo aliipiga brashi kila Ijumaa. Ndicho kitu pekee ambacho angeokoa nyumba ikiungua, baada ya Gordon, na kuhusu Gordon kulikuwa na siku alizosita.

"Naweka," akasema. "Na ukishindwa wewe, Krismasi unasimama mbele ya wanao na wajukuu unasema sapatu."

"Nitasema."

Jumapili ile ukumbi ulijaa. Glenda alikaa mstari wa mbele, kofia ndani ya mfuko wa plastiki mapajani. Ameileta, alisema, ili baba aje ajisikilizie mwenyewe. Neville alikaa kiti cha pili kutoka kwake, mikono kaibana katikati ya magoti. Kando yao alikuwa mzee Ernest Tattersall, karibu miaka tisini, aliyefanya kazi na Clifford kiwandani, kaja na mto wake wa kukalia. Kijana aliyeleta kanda akaeleza kwamba kila kitu katika kipindi hicho kilikuwa kipya. Albie aliandika vichekesho vyote kwa ajili ya siku ile, havijasikika popote kabla. Glenda alilisikia hilo kwa sikio moja. Alikuwa anatafuna pai.

Taa zikazimwa, Albie akatokea na koti lake, na Glenda akawa na miaka tisa. Aliyasikia makaa. Alicheka mapema kuliko wenzake kwa sababu alikumbuka kila neno. Kisha kikaja cha mjomba. Miaka arobaini. Saa. Haya, wewe ulikuwa unataka nini?

Albie akavua kofia, akatazama ndani, na mara hii picha haikuzimika. Glenda akamwona, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akiirudisha kichwani.

"Nataka ule ufito wa mgonga madirisha," alisema Albie Duxbury. "Na unionyeshe dirisha la chumba unacholala wewe."

Ukumbi ukalipuka.

"Simamisha!" Glenda alikuwa ameshasimama. "Simamisha hiyo mashine! Mmekata!"

Kijana akasimamisha, kwa kuwa Glenda aliwahi kumpikia shuleni. "Hatujakata kitu, Bi Glenda. Ndivyo ilivyo."

"Na sapatu iko wapi? Baba yangu aliisikia redioni!"

"Haikuwahi kuwa redioni, Bi Glenda. Kilikuwa kipya siku hiyo."

Watu walianza kucheka, si kwa ubaya. Neville hakucheka. Kwa miaka hamsini na miwili alikuwa ameitayarisha sura ya kuvaa siku hii, na sasa haikupanda. "Kaa, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Yameisha."

"Sapatu ipi mnayosema?" mzee Ernest akauliza. Glenda akamwambia, kwa haraka, kama mtu anayetoa ushahidi: sapatu ya kushoto, miaka arobaini nashona za kulia tu, nataka nimjue mwenzake. Mzee akaanza kutikisika kwenye mto wake, akapiga goti.

"Cliff!" akasema. "Huyo ni Cliff! Mama wee, si yeye alikuwa meza ya kulia? Miaka thelathini na moja Cliff anashona za kulia, mimi nipo meza ya kushoto, mgongo kwa mgongo. Kila asubuhi anapita ananiambia, 'Ernest, wasalimie.' Wasalimie hao wa kushoto! Ah, kimya kingi kina mshindo mkuu."

Glenda alikaa. Meza ya kulia hakuwahi kuisikia. Baba hakuwa mtu wa kuleta kazi nyumbani. Alimwona tena, amesimama mbele ya kioo kilichokufa, anatazama ndani ya kofia muda mrefu. Alidhani anakumbuka. Kumbe alikuwa anatafuta.

Ilimchukua muda kama wa kumenya kiazi kimoja. Kisha akawa Glenda tena. Akainuka, akautoa mkono kwenye mfuko wa plastiki na kofia ikatoka nao.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," aliuambia ukumbi mzima. "Nimeshindwa. Ni ufito." Akamgeukia kaka yake. "Chukua. Ni yako."

Neville aliipokea kwa mikono miwili. "Kwa hiyo ile ya sapatu..."

"Ya baba. Aliitunga palepale, akasingizia redio."

"Baba?" Neville alisema. "Baba hakuwahi kunifanyia mzaha hata siku moja. Aliitunga lini?"

Glenda alisikia vidole vya mama kwenye sikio lake. Lakini alikuwa bibi tayari, wa wajukuu watano, na mama alikuwa kaburini, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba mama alikosea.

"Ilizimika," akasema. "Shilingi iliisha, Neville. Albie katazama kofiani, na televisheni ikazimika."

Uso wa Neville ukawa wa miaka kumi na mitatu. "Najua," alisema. "Nilijua itazimika. Ndiyo maana nikaondoka. Miaka yote hii hakuna hata mmoja wenu aliyenitajia shilingi, nikajua basi niliwaharibia Krismasi, na mlikaa gizani kwa sababu yangu."

"Tulikaa gizani, ndiyo. Nikalia. Ndipo baba akaichukua hiyo kofia, akasimama pale alipokuwa Albie, akakimalizia kwa ajili yangu. Mara tatu! Mama alidondosha sindano. Alituinamia, Neville, kama mtu wa jukwaani." Glenda alimshika mkono wa koti. "Ungezileta zile shilingi, tusingeipata."

Kijana wa mashine alisimama na kidole juu ya kitufe, asijue awashe au asiwashe.

Glenda alijipangusa makombo ya pai kifuani, akasimama wima, akakunja uso kama bosi.

"Haya," akamwambia kaka yake. "Wewe ulikuwa unataka nini?"

Neville aliitazama kofia. Akaivaa; ilimkaa vizuri kuliko yeyote alivyotarajia. Kisha akaivua, akatazama ndani yake, na akatazama muda mrefu, na mzee Ernest akawa ameshaanza kucheka.

"Sapatu ya kushoto, bosi," Neville alisema. "Na mimi nataka nimjue mwenzake."